Vifuko vya Mchanga vya Mama

Mkono wa kulia wa Mama ulianza kutetemeka miaka ile ambayo wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupandisha magari yao hadi kwetu Nkoaranga. Jirani mmoja alisema ni huzuni ya ujane. Mwingine alisema amerogwa kwa ajili ya shamba. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule chini Usa River, na nilisema ni uchovu, maana nikisema uchovu sikulazimika kufanya lolote.

Hadi siku nilipomwona ameshindwa kuvuka mfereji mdogo nyuma ya nyumba. Alisimama ukingoni kama aliyepigiliwa misumari. Mwanamke aliyeteremka njia zile na mkungu wa ndizi kichwani bila kuushika, sasa anautazama mfereji wa hatua moja.

Nilimpeleka hospitali ya kwetu mlimani. Daktari alimtazama akitembea, akamwambia agonganishe kidole cha shahada na gumba haraka haraka, kisha akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Hauponi, alisema. Dawa zake zipo, ila leo zinapatikana na kesho hazipatikani. Akatutuma chumba cha mwisho barazani, kwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo mama," alimsalimu. "Kunja mikono kifuani. Haya, inuka kwenye kiti bila kujishikilia."

Mama alijaribu mara tatu, akarudi kitini mara tatu.

"Ugonjwa huu siwezi kuuondoa," yule mama alisema. "Lakini miguu yako naweza kuipa nguvu, na ukiwa na miguu utakwenda chooni mwenyewe. Unataka?"

"Nataka," Mama alijibu kwa sauti yake iliyokuwa imeanza kufifia.

Akatufundisha. Kuinuka na kuketi kwenye kigoda kigumu. Kupanda na kushuka kizingiti, mguu mmoja kisha mwingine. Kutembea kwa hatua ndefu huku akihesabu kwa sauti kubwa. Na kuinua uzito. Mama alishona mwenyewe vifuko viwili kwa kitambaa cha kanga kuukuu, mishono imekwenda upogo kwa sababu ya ule mkono, akavijaza mchanga wa mtoni. Kila baada ya wiki mbili aliongeza konzi moja kila upande.

Mwaka mzima alifanya hivyo uani, asubuhi akishakunywa uji. Nilipopanda Jumamosi nilimsikia kabla sijafika, "Saba! Nane!" Watoto wa jirani walimwiga. Baadhi ya wanawake wa kanisani walisema akili zimeanza kumtoka. Lakini alifikia kuinuka kigodani mara kumi na mbili bila kushika kitu. Mkono uliendelea kutetemeka vilevile, ila alivuka mfereji na alikwenda ibadani kwa miguu yake.

Kisha akaja kaka yangu.

Kaka alikuwa amefunguka kimaisha. Biashara ilipoachiwa huru alianza na mitumba pale Ngaramtoni, akahamia vipuri vya magari mjini, akajenga nyumba ya vigae Arusha. Siku hiyo alimkuta Mama uani, vifuko vikiwa mikononi, jasho limemlowesha.

"Ni nini hiki? Mama yangu anabeba mchanga kama kibarua?"

"Ni mazoezi," nilisema. "Ameandikiwa hospitali."

"Amelima maisha yake yote. Mazoezi gani tena? Watu watasema nimemtelekeza. Anakuja kwangu apumzike."

Mama alinitazama. Ningesema neno. Nilijua kila kitu ambacho yule mtaalamu alikuwa ametueleza. Lakini masika yalikuwa yamekaribia, nikaufikiria ule mteremko wa matope kila Jumamosi, nikafikiria kulala siku nzima nyumbani kwangu.

"Labda ni vizuri, Mama," nilisema.

Aliniambia nivitie vifuko kwenye kapu lake. Nilivishika, vilikuwa vizito na vimeingia uchafu, na nikamfikiria wifi yangu akivifungua kwenye zulia lake. Nikaviacha nyuma ya mlango.

Wifi hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu ningependa angekuwa mbaya. Alimwosha Mama, alimlisha kwa kijiko, alimvalisha. Akitaka kuinuka, watu wawili walimshika makwapa kabla hajajaribu. Walimkalisha kwenye kochi jipya ambalo mtu mzima hata mwenye afya alizama ndani yake, mbele ya televisheni, na wageni walipokuja walimsifu kaka kwa kumtunza mama yake.

"Vifuko vyangu umeleta?" Mama aliniuliza nilipomtembelea.

"Nitaleta Jumamosi."

Aliuliza mara tatu au nne, miezi tofauti. Baadaye hakuuliza tena.

Mwaka wa pili alipotaka kwenda chooni peke yake, nadhani kwa kuchoka kuita, alianguka kwenye vigae. Nyonga ilivunjika. Alilia arudishwe hospitali ya kwetu mlimani, kaka akakubali.

Yule mama wa mazoezi alikuja wodini. Alifunua shuka, akashika paja la Mama, akalizungusha vidole vyake viwili. Kisha akanigeukia.

"Huyu alikuwa anainuka mara kumi na mbili. Kulitokea nini?"

"Ugonjwa umeendelea," nilisema.

"Umeendelea, ndiyo. Lakini huku kuisha kwa paja si ugonjwa peke yake. Huku ni kukaa."

Alipoondoka, Mama aliniita kwa mkono. Ilibidi niinamishe sikio hadi mdomoni kwake.

"Mlinipenda," alisema. "Lakini mmeniketisha."

"Nisamehe, Mama."

Alifumba macho. Sikujua amenisikia au amechoka, na sijui hadi leo. Alifariki siku kumi na moja baadaye, kifua kikiwa kimejaa.

Mazishi yalikuwa makubwa. Kaka alileta jeneza la mninga, maturubai, vipaza sauti na mtu wa kupiga video, kitu ambacho wengi pale kijijini hawakuwa wamekiona msibani. Mchungaji alisema wazee wengi siku hizi wanaachwa vijijini huku watoto wakikimbilia biashara, lakini huyu mwana alimtoa mama yake kwenye kazi ngumu, akampa raha ya uzeeni. Watu waliitikia. Wanawake waliokuwa wakimcheka akihesabu uani walifuta machozi.

Mimi nilipangiwa kutoa shukrani za familia. Nilipewa kipaza sauti, yule wa video akanisogelea na taa yake, na kwa dakika moja nilidhani nitasema. Nilimwona kaka kwenye kiti cha mbele, uso umevimba kwa kulia, analia kwa kweli. Alikuwa hajui. Mimi nilikuwa nikijua tangu siku ya kwanza.

Nikawashukuru madaktari, wauguzi na majirani. Kisha nikamshukuru kaka yangu, mbele ya watu wote, kwa jinsi alivyomtunza Mama. Wakapiga makofi.