Taa Mpya na Jina la Wifi Yangu

Jamani, mwenzenu nimekosa. Nimemkosea mtu ambaye hakunikosea hata siku moja, tena mbele za watu, mchana kweupe. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mnitukane.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Kariakoo upande wa Msimbazi. Chumba cha mbele ndiyo karakana yangu. Nilikuwa nafanya kazi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Tumwite Rukia, ingawa si jina lake. Yeye anakata, mimi nashona. Miaka tisa! Mkono wa Rukia kwenye mkasi, wallahi, sijaona mwingine.

Rukia alikuwa na kawaida yake. Kabla hajakata kitambaa, lazima atoke nacho barazani, akitandaze juani, akitazame taratibu kama mtu anayechagua mchele. Alikuwa akisema, "Dukani kila kitambaa ni kizuri, ukweli wake uko juani."

Mwaka jana nikaamua kubadilisha taa. Chumba kilikuwa na globu moja ya njano, tukitunga uzi kwenye sindano ni kwa kubahatisha. Fundi umeme akanifungia taa za LED sita, zile ndefu nyeupe. Loh! Chumba kikawaka mpaka vumbi la uzi likaonekana sakafuni. Wateja wakiingia wanafinya macho, mimi nacheka. Nikajiuliza, dirisha la nini tena? Nikaliziba kwa kabati la vitambaa.

"Wifi, taa nzuri," Rukia akaniambia, "lakini dirisha ungeliacha."

"Wifi nawe! Hili ni jua la ndani. Utoke nje kufanya nini?"

Nilijiona nimemaliza ufundi wote. Kumbe!

Ikaja kazi ya sare za harusi, magauni ishirini ya lesi, rangi ya damu ya mzee. Mama wa bibi harusi ni Mwarabu wa mtaa wa pili, watu wa maduka, kila mtu anawajua. Kitambaa alileta mwenyewe. Zikiwa zimebaki siku tatu akaongeza ndugu sita waliotoka Tanga! Kitambaa kilichobaki kikatosha viwiliwili tu, mikono na marinda hapana. Nikazunguka Kariakoo na kipande mkononi. Duka alikonunua, kimeisha. Duka jingine nikapata jora linalofanana. Nikalinganisha chini ya taa zao, sawa. Nikaja nalo nyumbani, chini ya taa zangu, sawa kabisa.

Rukia akalibeba jora, akaelekea mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Nje mara moja, wifi. Nikaliangalie."

"Na mvua hii? Uloweshe kitambaa cha watu?"

"Basi tungoje ikatike."

"Watu wana harusi keshokutwa, wewe unangoja jua! Kata."

Akakata. Mimi ndiye niliyesema kata. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu mimi nilijifanya nimelisahau.

Siku ya kuchukua nguo jua lilikuwa kali. Yule mama akaja na dada zake wawili, wakafungulia mzigo palepale barazani. Magauni ishirini, safi. Akanyanyua la ishirini na moja, akalinyoosha juani. Kiwiliwili damu ya mzee. Mikono na marinda, kahawia! Kahawia kama ukoko wa wali!

"Hiki nini?" akauliza. "Kitambaa changu kiko wapi? Mmekiuza?"

Mnajua wenyewe fundi akishaitwa mwizi wa vitambaa mtaa huu, amekwisha. Wachukuzi walikuwa wameshasimamisha mikokoteni. Wamachinga wamesogea. Yule mama anapaza sauti, dada zake wanatoa kila gauni na kulionyesha kwa watu. Rukia amesimama pembeni yangu, tepu shingoni.

Nikasema. Mdomo huu huu ukasema!

"Mwulizeni Rukia. Mkataji ni yeye. Mimi nilileta kitambaa kile kile, kama amebadilisha, anajua mwenyewe."

Rukia akanigeukia. "Wifi, mimi?"

Nikainamia magauni, nikajifanya nayahesabu.

"Mimi, wifi?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe mwizi ni huyu!" Na neno likashika.

Nikaokota gauni moja kati ya yale sita nikakimbilia ndani, nikijidai naangalia mshono. Chini ya taa zangu likawa damu ya mzee, lote, mikono na kila kitu! Nikalitoa ukumbini kwenye mwanga wa mlango, kahawia. Nikarudi nalo ndani, damu ya mzee. Hapo nikaelewa. Hakuna aliyeiba wala kubadilisha. Ni taa zangu, na kiburi changu cha kuziba dirisha.

Rukia bado alikuwa nje anatukanwa. Ni hatua sita tu kutoka pale nilipokuwa. Ningetoka na kusema, "Jamani, kosa ni langu," yangeisha. Sikutoka! Nilikaa humo na gauni magotini mpaka kelele zikatulia. Nilipotoka, Rukia hakuwepo. Tepu yake ilikuwa kizingitini.

Wale ndugu wa Tanga walivaa hivyo hivyo, mitandio mabegani kuficha mikono. Harusi ikapita. Mume wangu akaniuliza, "Dada yangu kaiba kweli?" Nikamjibu, "Sijui." Toka siku ile hajamwamkia dada yake, na mkubwa ni Rukia.

Hakuna fundi aliyempa mkasi tena. Sasa anauza vitumbua. Majuto ni mjukuu, wangu keshakua mkubwa na analala kitandani kwangu.

Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda kwake. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikamweleza yote, taa, dirisha, gauni nililolitoa na kulirudisha. Nililia! Yeye aliendelea kuchambua mchele wake wa vitumbua.

"Mbona umefunga mlango?" akaniuliza.

Nikageuka kuutazama mlango.

"Uliponiita mwizi, mlango ulikuwa wazi. Mimi nimeshakusamehe, wifi. Lakini walionisikia naitwa mwizi hawamo humu ndani. Nenda kawaambie palepale barazani, mumeo akiwepo."

Nikamwambia nitaenda. Tangu siku ile kila asubuhi nasimama barazani, watu wanapita, yule mama anapita, mume wangu anakunywa chai hapo hapo. Mdomo haufunguki. Dirisha nimeshalifungua, hilo nimeweza.

Mafundi wenzangu, fungeni taa kadiri mpendavyo, lakini msizibe madirisha, na kitambaa kitoeni nje kabla ya mkasi. Na wewe uliyemchafua mtu barabarani, usiende kumsafisha chumbani, hatakati!

Mimi mwenyewe ninayewaonya, jina langu sijaliweka hapa. La kwake bado linatajwa mtaa mzima.