Makokha Aliyeona Haya Kutoa Daftari

Mzee Makokha wa Kanduyi alikuwa karani wa serikali kwa miaka thelathini na moja, na muda huo wote hakuona aibu kula mshahara wa serikali. Alichokionea aibu ni hospitali yake.

Alipopatikana na kisukari, hospitali ya umma mjini Bungoma ilimpa vidonge, ikamfundisha kukagua nyayo zake kila jioni, na ikawa inamwandikia vipimo katika daftari la shule, kama inavyomwandikia kila mtu. Mara nyingine vidonge vilikosekana akatumwa anunue nje. Hilo lilimpa hotuba ya mwezi mzima.

"Mtu mzima napanga foleni na daftari la darasa la pili!" alimlalamikia jirani yake Kemboi.

"Si ni la kisukari, bana?"

"Nyuma lina jedwali la kuzidisha!"

Mwezi wa Juni kidonda kilitokea kwenye kidole cha mguu wake wa kushoto. Muuguzi alimwonya kwamba kisiposafishwa kila baada ya siku mbili, mguu utakatwa. Makokha alirudi mara moja tu. Kisha alisafiri hadi Kitale kwa binti yake Rispah, muuza mbegu, akataka kupelekwa kliniki ya kibinafsi yenye viti vya sofa.

"Baba, beba daftari," Rispah alimwambia.

"Ati nitoe kile kitu mbele ya watu wa sofa?"

Alikataa hata kusindikizwa ndani. Hakuwa mtoto, alisema. Rispah akamwacha langoni, akaenda kufungua duka.

Kliniki hiyo ilikuwa na runinga kubwa, maua ya plastiki na kijana wa koti jeupe aliyeuliza habari za bima kabla ya kuuliza jina. Hakupima sukari. Hakumvua mzee kiatu.

"Unasikia nini, mzee?"

"Uchovu. Niwekee maji."

Kwetu, aliyetundikiwa chupa ndiye aliyetibiwa. Aliyepewa vidonge amefukuzwa kwa adabu. Kijana alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua udaktari. Alimlaza, akatundika chupa ya glukosi, na kesho yake akatundika nyingine. Hivyo mgonjwa wa kisukari akalala kwenye shuka la waridi akimiminiwa sukari mshipani, huku akiwapigia simu watu wa Kanduyi: "Huku wanatibu! Huku naitwa mheshimiwa."

Asubuhi ya tatu Rispah alimkuta akihema kwa kasi, haitiki akiitwa. Kliniki ikasema haina uwezo wa kumtibu, na lango likafunguliwa upesi ajabu.

Katika hospitali ya umma ya Kitale, wodi ilijaa na dirisha moja lilizibwa kwa kadibodi. Muuguzi Chelangat hakuuliza habari za bima.

"Ana sukari?"

"Ndiyo."

"Amewekewa nini huko?"

"Glukosi."

Chelangat alimwangalia Rispah kama anayetazama mtu aliyezima moto kwa petroli, kisha akamtoboa mzee kidole na kumwita daktari. Ilichukua siku mbili Makokha kufumbua macho. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Madaktari walisema mguu wenyewe utapona iwapo utasafishwa kila siku bila kukosa.

Jumamosi Kemboi alifika na watu wanne wa kanisa, jasho likiwatoka.

"Tumekutafuta kwenye sofa, mzee! Yule kijana anasema ati hakujui."

"Punguza sauti," Makokha alinong'ona. "Hapa nimepumzishwa tu. Kesho Rispah ananirudisha kule."

"Sirudishi mtu," Rispah alisema.

Chelangat alikuwa amefika na sinia ya bandeji. "Mwache aende, dada. Lakini mzee, uamue sasa hivi kama unaondoka na mguu au bila mguu, nisipoteze pamba."

Watu wa kanisa waliinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika kwa kicheko.  Makokha, mbele yao wote, akamnyooshea muuguzi mguu.