Mtu Asiye na Bafu

Vumbi la njia ya Igalula lilikuwa na tabia ya mgeni asiyejua kuaga. Linaingia kwenye nywele, linaingia masikioni, linakaa kati ya vidole vya miguu, nawe ukidhani limeondoka unageuka ubavu tu unalisikia likikwaruza shingoni. Lilikuwa jekundu, jepesi kama unga, na asubuhi jua likilipiga lilining'inia hewani kama kitambaa kilichoanikwa. Hapo lilipendeza. Mimi nimekaa sana nikilitazama, injini imezimwa, sina haraka ya mtu.

Niliishi ndani ya lori. Sisemi nilisafiri kwa lori, nasema niliishi. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, ile vita kubwa ya pili imekwisha, na Mhindi mmoja wa Tabora mjini, mwenye duka la vitambaa mbele na ghala la karanga nyuma, alinipa lori niliendeshe. Tulizunguka vijijini, Nzega, Igalula na kwingine, tukichukua karanga, nta na madebe ya asali kuleta stesheni Tabora. Kitanda changu kilikuwa kiti cha mbele. Shati langu zuri lilining'inia nyuma ya kichwa changu, likipunga mkono kila tulipopita shimo.

Nilikuwa na utingo, mtu mzima kunizidi, Mzaramo wa pwani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo kila kulipokucha nilipata tusi kabla ya uji. "Wewe Mnyamwezi," ananiambia, "harufu yako nyuki wanaijua kuliko njia ya mzingani." Wala hakukosea. Debe la asali likivuja, nyuki walitufuata, nami niliendesha nikiwa nimebandikana na kiti mpaka nguo inapiga kelele nikishuka.

Basi kuoga ilikuwa kazi ya pili, baada ya kuendesha. Nilitoboa debe kwa msumari, matundu madogo madogo, nikalitundika kwenye tawi la myombo nyuma ya lori. Utingo anamimina maji kwa juu, mimi nasimama chini. Maji yenyewe mara nyingine niliyafungulia kutoka kwenye rejeta ya lori, ya moto, lakini ukioga yale unanuka chuma siku nzima. Stesheni ya Igalula gari moshi likisimama kunywa maji, lile bomba kubwa lilibaki likimwaga maji, na mwenye kazi yake alikuwa akinifumbia macho nijisogeze chini nikiwa na kaptula. Maji yalishuka kwa kishindo kama gunia la karanga, nikatoka hapo kizunguzungu, dunia yote imeng'aa. Kipalapala, kule wanakosomea upadre, palikuwa na pipa bustanini, na wale waliokuwa wakimwagilia mboga hawakuniuliza dini yangu, waliniuliza tu kama nina sabuni. Na kwa tajiri wangu, yule Mhindi, uani, mama wa nyumba alikuwa akiniwekea ndoo ya maji vuguvugu karibu na mti wa mwarobaini, bila neno. Sasa nikifumba macho maji hayo yote huja pamoja. Ya Igalula yanachanganyika na ya Kipalapala, na mimi niko katikati, kijana, nimefumba macho, sijui niko wapi.

Lakini kuoga kwangu kulikuwa na mwalimu, na huyo ni babu yangu mzaa baba. Alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo na kurudi na vitambaa, na bega lake moja lilikuwa na sugu kama kisigino. Shule mimi sikukaa, nilijifunza herufi kwa katekista nikatoka zikiwa hazijanizoea vizuri. Lakini ya babu niliyashika. Alikuwa akisema hapakuwa na msafara ulioingia Tabora na vumbi. Mnatembea miezi, mmechakaa, mna vidonda; mkifika maji ya mwisho kabla ya mji, mnalala hapo. Mnaoga. Mnatoa zile nguo zilizokunjwa tangu pwani, mnazivaa, mnafyatua bunduki, mnaingia mkiimba kana kwamba mlitoka nyumba ya jirani. "Mtu hupokewa alivyoingia," alisema. "Alivyotembea hakuna anayejua." Nami nikalichukua lile neno kama sala. Maji ya mwisho kabla ya mji.

Sasa nije kwa binti.

Alikuja mizanini na kikapu cha karanga, katika kijiji kimoja upande wa Igalula. Akanitazama, akasema mbele za watu, "Wewe dereva, masikio yako yana udongo wa kutosha. Ungepanda mtama ungevuna." Watu wakacheka. Alikuwa na mwanya wa mbele na macho yaliyotulia kama hakusema kitu. Mimi nilirudi kwenye lori nikakaa na usukani mkononi mpaka utingo akaniuliza kama gari limekufa. Nikamjibu gari ni zima.

Nilimtuma mjomba wangu akapose. Alipokelewa vizuri, alikula, akarudi kwangu na jibu limemkaa usoni kabla hajasema.

"Baba wa binti hana neno," alisema. "Mama ndiye. Anasema hampi mwanawe mtu asiye na bafu."

"Asiye na nyumba?"

"Bafu, mwanangu. Alisema bafu, nikamuuliza mara mbili. Anasema mtu anayelala garini, uchafu wake anaumwaga wapi? Lakini wamekubali uende wakuone. Uende safi, nakuomba. Usinitie aibu, mimi nilishakula kuku wao."

Siku ile ya kwenda, mjomba alitangulia kwa miguu, sisi tukafuata na lori. Kiangazi kilikuwa kimeanza, mito imebaki vidimbwi. Tulipokaribia kile kijiji, njia ikashuka bondeni, na pale chini palikuwa na kidimbwi kizuri chini ya mwamba, maji yametulia, mbingu imelala ndani yake. Nikasimamisha lori.

"Kuna nini?" akauliza utingo.

"Naoga."

"Mtani, tumebakiza hatua chache. Utafika, watakupa maji, utaoga kama watu."

"Nikifika na vumbi nimekwisha. Haya ndiyo maji ya mwisho."

"Haya ni maji ya watu," alisema, lakini alikuwa ameshajilaza chini ya lori penye kivuli. "Mtu akija nitakohoa."

Hakukohoa. Mzaramo yule alilala kabla sijavua viatu.

Niliingia majini. Yalikuwa baridi juu na vuguvugu chini, kinyume cha desturi, na tope lake laini kama uji. Nikatulia. Kuna namna ya kukaa majini mpaka husikii tena mwisho wa ngozi yako ni wapi, nilifika huko. Nikajipaka sabuni kichwa kizima, macho nimefumba, na katika hali hiyo nikasikia mtu akiimba kwa mdomo uliofumbwa. Nilijua si utingo, maana utingo akiimba ndege huhama.

Nikafumbua jicho moja. Mwanamke alikuwa anashuka na mtungi kichwani. Uso ulikuwa ule wa binti, na mwanya ule ule, ila uso huu ulikuwa umekaa duniani muda mrefu zaidi. Hapakuhitajika mtu wa kuniambia ni nani.

Kwetu, mwanaume na mama wa mke wake hawakutani. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Hamwitani, hamli pamoja, hata kivuli chake hukikanyagi. Hayo ni ukiwa umevaa. Mkwe akikuona uchi, posa imekufa na hakuna mganga wa kuifufua. Wazee wataachana kwa heshima, na binti ataposwa na mwingine. Mimi nilikuwa uchi, nguo zangu kichakani upande wake, na povu likiniingia jichoni.

Nikazama mpaka kidevuni. Yeye akageuka upesi, akanipa mgongo. Alichoona na ambacho hakuona sikijui mpaka leo. Maji yalikuwa na tope, nashukuru.

Nilidhani ataondoka. Badala yake akatua mtungi chini, akakaa mbele yake, mgongo kwangu, akaanza kuongea nao.

"Mtungi wangu, leo kisimani kuna kiboko."

Nikapangusa povu jichoni.

"Kiboko mwenye povu kichwani. Wewe umepata kuona?"

Nifanye nini? Kumjibu mkwe ni kosa. Mtu mzima akisema nawe ukae kimya, ni kosa vile vile. Nilikuwa na sabuni mkononi. Nikaiambia sabuni.

"Sabuni, mwambie mtungi si kiboko. Ni mtu wa njia."

"Mtungi, muulize sabuni, mtu wa njia hajui wanaume wanaoga ng'ambo ya mwamba?"

"Sabuni, sema hakujua. Sema kwao wanaume huoga upande wa mawio."

"Kwao!" Mabega yake yakatikisika. "Mtungi, umesikia? Ana kwao. Mimi niliambiwa kwao kuna magurudumu."

Kereng'ende akatua juu ya maji karibu na pua yangu, akakaa. Nami nikamtazama yeye, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

"Muulize basi," akaendelea, na sauti sasa haikuwa na kicheko. "Binti wa mtu akiolewa na lori ataoga wapi? Atavua nguo nyuma ya gurudumu, wenye baiskeli wakipita? Siku zake za mwezi atakaa wapi? Akijifungua, je, maji ya mtoto?"

Mjomba alikuwa amenifundisha majibu mengi, ya ng'ombe na ya shamba. Hili hakunifundisha. Nikaanza kuieleza sabuni mahali pangu pote: debe la matundu, bomba la Igalula, pipa la Kipalapala, ndoo ya uani kwa tajiri. Nilisema kwa raha mwanzoni, maana nilipapenda. Kisha nikajisikia mwenyewe. Kila nilipopataja palikuwa mahali pa mwanaume mwenye kaptula. Hapakuwa hata mahali pamoja ambapo ningemsimamisha yule binti nikamwambia, vua, oga, hakuna anayekuona.

"Sabuni," nikasema, "mwambie mtungi sijui. Mahali pake bado sijapapata."

Maji yalikuwa yanapoa. Sabuni ilikuwa inayeyuka kiganjani, naihisi ikipungua.

Mwisho akainuka, akajitwika mtungi mtupu. "Twende zetu," akauambia. "Leo hatukufika kisimani. Tumekuta ng'ombe wamelala majini, tumegeuza." Akapanda njia bila kuangalia nyuma.

Nilivaa nikiwa na povu masikioni. Utingo nilimwamsha kwa mguu. Hakunisaidia kitu: "Mtani, mbona umetakata hivyo na uso ni wa maiti?"

Barazani walikuwa wamekaa baba wa binti, wazee wawili na mjomba wangu. Nilitoa shikamoo zangu, nikakaa. Njia nzima nilikuwa najiambia, atasema. Ana haki ya kusema. Wazee walizungumza mvua, walizungumza bei ya nta, na mimi nilisikia kila neno likitokea mbali kama mtu anayepiga kelele ng'ambo ya bonde. Kisha baba wa binti akageukia ua wa mabua nyuma yake.

"Mama, una neno?"

Sauti ikatoka nyuma ya ua. "Kwanza wageni wanisamehe, chakula kimechelewa. Maji sikupata. Ng'ombe walikuwa kisimani."

"Ng'ombe wa nani saa hizi?" mzee mmoja akauliza.

"Sijui wa nani. Mmoja tu. Bado mchanga."

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Havikuwahi kuwa safi vile.

"Neno langu," sauti ikaendelea, "asijenge nyumba kwanza. Nyumba anayo. Ajenge bafu. Bafu likisimama nitajua."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mjomba alidhani ni mzaha, akacheka nao. Mimi sikucheka. Nilitaka nianze jioni ile ile.

Nilijenga. Mjomba alinikatia kipande cha ardhi nje ya Tabora, njia ya Kipalapala, hakuna kitu juu yake isipokuwa nyasi. Nilisimika miti ya myombo, nikazungushia matete nikayasuka mara mbili, ndani na nje, hata jicho la kinyonga lisipite. Chini nilipanga mawe bapa, moja moja, nikayatafutia mteremko mpaka maji yakajua njia. Lilisimama pale peke yake uwanjani, na lori pembeni. Wapita njia walisimama.

"Hiki nini?"

"Bafu."

"La nani?"

"La mke."

"Mke yuko wapi?"

"Anangoja bafu."

Walikwenda zao wakitikisa vichwa, na utingo alikuwa akiwasindikiza na habari za ukoo wangu, kwamba Wanyamwezi huzaliwa majini kama vyura.

Siku moja nilikwenda ghalani kwa tajiri nikamwacha utingo analinda. Niliporudi nilimkuta amesimama wima, kofia mkononi, kama anangoja bwana shauri wa serikali.

"Mtani, alikuja mama mmoja na dada yake, wameshuka kwenye gari moshi la Igalula. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alichota debe la maji, akaingia mle, akafunga. Alikaa sana. Nilisikia anaimba, mdomo umefumba."

"Akasema nini?"

"Alipotoka alilisemesha debe. Akaliambia, mlango upanuliwe kiasi cha kiganja, binti si mwembamba. Na Jumamosi mjomba alete ng'ombe wa mahari."

Nikasogea mpaka mlangoni. Mawe yalikuwa bado mabichi, na juu ya mawe palikuwa na nyayo, zikitoka kona ya ndani kuja nje, zinakauka moja baada ya nyingine kwa jua la alasiri. Sikuingia. Nyayo za mkwe hazikanyagwi. Nikakaa kwenye ngazi ya lori, nikazitazama mpaka ya mwisho ikakauka, ndipo nikachukua panga kwenda kukata matete ya mlango.