Kirusi Nilichokipa Kigoda

Haya, chekeni kwanza mmalize, maana mtu akinicheka katikati napotea njia, na aibu yenyewe hii mpaka leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najifunika uso na kanga kama vile masufuria yananiona. Mimi ndiye niliyewaaibisha akina mama wa kijiji kizima mbele ya wageni, na sikuiba, sikulewa, sikumtukana mtu, nilibonyeza tu. Kidole kimoja. Hiki hapa.

Ilikuwa miaka ile mambo yamefunguliwa, pamba haiendi tena ushirika peke yake, makampuni ya watu binafsi yamejaa Bariadi, kila moja na mzani wake na wakala wake, na binti yangu Kabula naye akafungua stationari pale mjini, kompyuta moja, printa moja, na jenereta nyuma ya nyumba inanguruma kama dume lililofungwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, baba akanitoa nikachunge, kwa hiyo herufi nazijua zikiwa kubwa na nikipewa muda. Lakini kile chombo nilikipenda, jamani! Kabula akanifundisha kukiwasha, kufungua barua iliyokwisha kuandikwa, na kuitoa kwenye printa. Basi watu wakipita wananiona nimekaa mbele ya kioo, nimevaa miwani ya marehemu mume wangu (sikuwa naona kitu na ile miwani, lakini ilinipendeza), na mimi najifanya sijawaona.

Sasa kijijini tulikuwa na kikundi cha akina mama, mwenyekiti mimi, na shida yetu ilikuwa moja tu, maji. Kiangazi tulikuwa tunafukua mchanga mtoni, unapiga magoti, unasubiri maji yajikusanye kidogokidogo uyachote na kata, na ng'ombe wa watu wamesimama nyuma yako wanakupumulia mgongoni. Tukasikia kuna shirika linachimba visima, linataka andiko la maombi. Tukakaa na Kabula siku tatu tunamwambia, yeye anaandika. Wageni wangekuja Alhamisi kulichukua kwa mkono, na walisema wazi kabisa: vijiji vitatu vinaomba, kisima ni kimoja, na ambaye andiko lake haliko tayari siku hiyo asubiri mwaka unaofuata. Andiko letu lilikuwa ndani ya kompyuta, halijatolewa, kwa sababu wino wa printa uliisha na mwingine ungekuja na basi la Mwanza Jumatano.

Jumatatu Kabula akaletewa taarifa ya msiba, baba mkwe wake, huko Mwanhuzi. Akaniambia, "Mama, wino ukifika toa andiko, kurasa saba, tia kwenye bahasha. Usipokee kazi nyingine." Akabandika karatasi ukutani yenye majina manne kwa herufi kubwa. "Haya ni mafaili ya mfumo, ndiyo nguzo za hiyo mashine. Ikikuuliza kama ufute mojawapo, kataa. Ukilifuta haiwaki tena." Akanionyesha na vile vibatani viwili, cha kushoto cha kufuta, cha kulia cha kuacha.

Jumatano wino ukafika asubuhi. Nimeshautia, nataka sasa nifungue andiko, akaingia kijana wakala wa pamba ameshika disketi, akaniamkia Kisukuma kama mama yake, kwa adabu nzuri, "Mwangaluka, mayu." Nikaitikia, nikamwuliza, "Ng'wa nani?" (yaani mtoto wa nani, sisi salamu haijaisha mpaka hapo), akamtaja baba yake, loo, baba yake amechunga na kaka yangu! Kwetu mtu akishamtaja baba yake umeshampa kigoda. Alitaka tangazo lake la kuanza kununua pamba, liko kwenye disketi, ukurasa mmoja tu. Nikajisemea ukurasa mmoja si kazi, hiyo ni salamu.

Nikaitia disketi, nikafungua tangazo. Hapo kikatokea kidirisha chekundu katikati ya kioo, maneno ya Kiingereza, na chini yake jina. Nikalisoma herufi moja moja, nikaangalia ukutani, nikasoma tena. Lilelile! Jina la tatu kwenye karatasi ya Kabula. Na mimi, akili yangu ya nyumbani, nikaona nimeshamwuliza ng'wa nani na ameshajibu vizuri, huyu ni mwenye mji, sasa huyu anayepiga kelele afukuzwe ndiye nani? Nikabonyeza kulia, acha. Kikarudi. Nikabonyeza kulia. Kikarudi tena, na safari hii nikakasirika, nikaenda pale pembeni kwenye kile kipicha cha mlinzi wa mashine ambacho Kabula hukizima akitaka mashine iende haraka, nikakizima. Kukawa kimya. Yule kijana akasema, "Mayu, wewe mtaalamu." Nikavimba.

Akaondoka na tangazo lake. Nikafungua andiko, nikatoa. Zikaja kurasa tisa badala ya saba, na zimejaa vijisanduku, alama za kuuliza, herufi zimebanana kama mbuzi zizini. Nikashtuka kidogo. Kisha nikajiambia, si wafadhili? Kabula amewageuzia kwa Kiingereza, na Kiingereza ni kirefu. Na jamani, mwalimu mmoja jirani yetu alipita palepale mlangoni, akanisalimia, nilikuwa na zile karatasi mkononi kabisa, ningemwambia tu "hebu nisomee." Nikazitia kwenye bahasha upesi, asije akajua kwamba sijui.

Alhamisi kijijini chini ya turubai tulicheza mpaka vumbi likafika mawinguni. Wageni walikuwa wawili, mzee mmoja wa heshima na dada mmoja wa mjini. Nikapiga magoti nusu, nikatoa bahasha kwa mikono miwili, vigelegele. Mzee akavaa miwani. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akarukia wa tano, akaugeuza juu chini.

"Mama mwenyekiti, hii ni lugha gani?"

"Kiingereza, baba," nikasema kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie.

Yule dada akachungulia, akaziba mdomo. "Hiki siyo Kiingereza, mama. Hii siyo lugha ya mtu yeyote."

Vigelegele vikafia hewani. Nyuma yangu Nshoma, mtani wangu tangu usichana, akasema, "Mwenyekiti, umewaandikia wageni dawa ya waganga?" Watu wakaangua kicheko, na mimi natafuta pa kuingia, ardhi imekauka haina hata ufa. Nikasema, "Baba, liko kwenye kompyuta, limekataa kutoka vizuri." Mzee yule hakuwa mbaya. Akasema atalala Bariadi, kesho saa nne asubuhi anaondoka, tukimfikishia kabla ya hapo atalipokea.

Kabula akarudi kesho yake saa mbili, hata hajakaa, akaja na fundi wa kompyuta. Fundi akawasha, akaangalia, akaguna. Barua zote za dukani zimekuwa kama lile andiko. Kadi za harusi, ripoti za shule, zote zimeliwa.

"Nani alizima mlinzi?"

"Mimi, baba. Alikuwa anamfukuza mwenyeji. Jina si hilo hapo ukutani?"

Akanivutia kiti, akanionyesha. "Jina ni hilohilo, bibi, wala hukusoma vibaya. Angalia. Huyu wa kweli anakaa humu, kwenye chumba cha mfumo, yumo tangu mashine ilipotengenezwa. Huyu mwingine ametoka kwenye disketi, amejiita jina hilo, lakini anakaa huku, kwenye chumba cha takataka za muda. Hiki ni kirusi. Anavaa jina la mwenyeji kwa sababu anajua watu wanaogopa kumgusa mwenyeji."

Nikamwuliza, "Sasa yule kijana mtoto wa watu alikuja kuniibia?" Akasema hata kidogo, yule naye hakujua alichobeba.

Kabula hakunifokea. Alisema tu, "Karatasi yangu ilikuwa na majina bila makazi, Mama. Tumekosea wote." Akachukua daftari akaanza kuandika upya kwa mkono, mimi namtajia, naanzia kwenye mchanga wa mtoni, na ilipofika saa nne tulikuwa ukurasa wa tatu. Tulikimbia na baiskeli. Gari la wageni lilikuwa limeshaondoka.

Kisima kilikwenda kijiji kingine, nao walikuwa na shida kama sisi, sikuwaonea wivu. Chetu kilikuja mwaka uliofuata. Kiangazi kile kizima nilikwenda mtoni na wenzangu, nafukua mchanga, na mnajua kilichoniuma? Hakuna aliyenisema. Hata Nshoma, yule mdomo mchafu, alikuwa akiniona napiga magoti ananiachia shimo lake lililokwisha kujaa, anasema, "Chota, mwenyekiti, mgongo wako umezeeka," kisha anageukia upande mwingine.

Ningetukanwa ningepona haraka. Basi nikaapa palepale kwenye mchanga: nisichokijua nitasema sikijui, kwa sauti, hata mbele za watu. Na nyie mnaonisikiliza, mkileta karatasi hapa nyumbani msiniulize kama nimeielewa. Nisomeeni tu.