Kivuli cha Sanduku la Kulamawe

Inafahamishwa kwa umma, kama ilivyotangazwa siku ya uzinduzi mbele ya hema na viti vya plastiki, kwamba shida ya maji Kulamawe imekwisha kabisa. Kisima kipya kitajiendesha chenyewe. Mkono wa binadamu hautahitajika, na ili maneno hayo yasibaki maneno tu, swichi ya mkono iling'olewa.

Kilichobaki ni sanduku la chuma, lililofungwa kwa kufuli, lenye kompyuta ndogo ya kuwasha na kuzima pampu. Aliyeiandikia programu ni Yattani Guracha, anayefanya kazi nyumbani kwake Kiwanjani, mjini Isiolo. Kazi yake ni kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, kinachogawia programu nyingine kumbukumbu na kutarajia zirudishe. Majirani wanaamini anatengeneza simu. Aliacha kubishana nao.

Mwanzoni aliweka ndani ya kerneli mfuatiliaji, programu ndogo ya kuweka rekodi: kila kipande cha kumbukumbu kikichukuliwa, anaandika nani kachukua. Lakini mfuatiliaji naye anataka mahali pa kuandikia, na alikuwa akila robo ya kumbukumbu yote. Mradi wa maji ulipoleta masanduku yenye kumbukumbu ndogo zaidi, Yattani alimtoa. Kila kitu kikaenea. Wakuu wa mradi walimsifu kwa barua pepe.

Wiki hiyo shangazi yake Mumina, anayefuga mbuzi Kulamawe, alimpigia simu. Kuna mtu anataka punda wake, wale wanaomletea maji kutoka kisima cha mbali. Auze?

"Uza, shangazi. Punda wa nini tena?"

Akauza.

Kiangazi kilipokaza, sanduku likazima. Fundi mwenye ufunguo akatoka mjini, akaliwasha. Likazima tena.

"Salaam aleikum, shangazi."

"Aleikum salaam. Sanduku yako imelala."

"Ni joto hiyo. Waambie wajenge kivuli."

"Joto? Mimi niko na hii joto tangu nizaliwe. Umewahi kusikia nimezima?"

Yattani alicheka. Kerneli isiyo na mfuatiliaji hufa bila kumtaja mtu, na Isiolo joto halijawahi kukana shtaka. Kivuli kikajengwa, cha miti na mikeka, kizuri sana. Mbuzi wakakipenda.

Lilipozima mara ya tatu, fundi alikuwa msibani Meru, na ufunguo mfukoni.

"Yattani, mbuzi wameanza kulala chini."

"Kesho fundi atafika, shangazi."

"Kesho ya lini? Jana pia ilikuwa kesho."

"Vumilia kidogo."

"Mimi navumilia. Ambia mbuzi." Kisha akasema bila ukali, "Ningekuwa na punda nisingekusumbua."

Ndipo Yattani akafanya alichopaswa kufanya kabla ya kulaumu jua. Alichukua sanduku la akiba, akapunguza mambo mengine ili mfuatiliaji apate nafasi, akaliambia sanduku kwamba tangi linalojazwa na pampu limekauka, akasubiri. Kabla chai haijapoa jibu lilikuwa kwenye skrini. Ile sehemu inayosoma kina cha tangi ilikuwa ikichukua kumbukumbu kila inaposoma, na hairudishi. Tangi likipungua, inasoma haraka zaidi. Kwa hiyo watu walivyozidi kuhitaji maji ndivyo sanduku lilivyozidi kukimbilia kufa. Sehemu hiyo aliiandika yeye mwenyewe, na anakumbuka aliiona nzuri.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Fundi aliyapeleka aliporudi kutoka msibani. Maji yalitoka kwa nguvu, na mabirika ya kunyweshea yakajaa mbele ya mbuzi wachache waliobaki wamesimama, ambao wengi wao hawakuwa wa Mumina.

Yattani alimpigia. "Shangazi, haikuwa joto."

"Najua," akasema Mumina. "Umekula?"

Tangu siku hiyo sanduku halijazima. Mumina sasa anaishi chumba cha nyuma kwa Yattani, Kiwanjani, ambako maji wananunua kwa mtungi.