Sikio la Kusemwa

Ukili ulinitoka mkononi. Nilikuwa uwandani kwangu Kipungani, nasuka mkeka, mara kitu kikapasuka ndani ya kichwa. Mkono wa kushoto ukalala kama si wangu, nikatapikia majani yangu mwenyewe ya miyaa. Majirani waliponivusha kwa mashua hadi Mokowe sikujua mbingu wala nti.

Lakini nirudi nyuma, ndugu yangu, maana jambo hili halikuanza siku ile.

Utotoni nikisuka na bibi kila siku baada ya alasiri. Miyaa imelowekwa, yanukia ubichi, na kando yetu mkate wa mofa na chai ya tangawizi. Tukinyamaza, nasikia mvumo sikio la kulia: vuu, vuu, sawa na pigo la moyo. Nikamwambia bibi. Akacheka hata akaangusha ukili.

"Wasemwa, mwanangu! Sikio likivuma, kuna mtu yuwakuteta."

"Kila siku, bibi?"

"Basi una mambo wewe!"

Jina likanishika kijiji kizima: Bi Masemwa. Nami nikajizoeza kusuka kwa mvumo ule, pigo moja, jani moja. Bibi simlaumu. Alinipa alichokijua.

Mwalimu namlaumu. Nilimwambia silisikii somo, sikio lavuma. Akanizaba kofi sikio lilo hilo. "Sasa litavuma vizuri!" Darasa likacheka. Skuli sikurudi tena.

Na wewe, tabibu wa zahanati, nakulaumu zaidi. Ukubwani nilikujia mwaka baada ya mwaka, kitwa chauma, sikio lavuma. "Bi Masemwa, mwambie mumeo apunguze maneno." Ukanipa panadol, ukaita mwengine.

Kutoka Mokowe nikapelekwa Mombasa, huko wakanifungua fuvu. Daktari aliyenipasua alisema nilizaliwa na mishipa iliyofungamana ubongoni, damu ikipita kwa nguvu ndiyo ikivuma. Fundo wamelikata. Akasema kipimo cha kusikilizia moyo kingewekwa nyuma ya sikio, hata mwengine angeusikia mvumo, na ningetibiwa kabla damu haijamwagika.

Sasa sikio limenyamaa. Bibi yuko kaburini, mkono hausuki, na mvumo niliosukia nao tangu utoto umekwenda. Ikifika alasiri huutegea sikio, nisisikie kitu.

Kipimo hicho kilikuwa shingoni mwako, bwana tabibu, kila nilipokuja. Najua baraza unayokaa sasa huko Mkomani. Nitakuja na mkono wangu huu uliokufa, na mbele ya wenzako unijibu: kwa nini hukukiweka sikioni mwangu hata siku moja?