Ndege Niliyesema Nimemwona

Mwanangu, kuna siku moja ya kiangazi naikumbuka kuliko siku niliyooa, na si kwa furaha. Nilikuwa karani kijana mjini Nyeri, na kila Jumamosi tulitoka watu sita hivi kwenda kutazama ndege. Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Wekesa, mstaafu kutoka Bungoma, mzee mpole ambaye daftari halikumtoka kwapani.

Kiangazi hicho tulimtafuta ndege mmoja mdogo wa nyasi, mgongo wa kahawia, kifua cha manjano. Hapatikani popote duniani ila nyanda hizi zetu za juu, na majembe yalikuwa yakimmalizia makao. Wenzangu wote walikuwa wamewahi kumwona. Mimi bado, na iliniuma. Basi Jumamosi moja kijijini Endarasha, nikiwa peke yangu upande wa pili wa shamba lenye nyasi, nilirudi mbio nikisema, "Nimemwona! Na kiota pia!"

Nilikuwa nimeona nyasi tu.

Mwalimu alinikumbatia. Kisha akaenda kwa mwenye shamba, mjane aliyeitwa Mama Wangechi, akamsihi asilime kipande kile mpaka vifaranga waruke. Mama akanigeukia mimi.

"Wewe kijana, umemwona na macho yako? Mimi niko na watoto wanne, na mvua iko karibu."

"Nimemwona, Mama."

Akaacha kulima. Tulirudi Jumamosi nne, hapakuwa na ndege wala kiota. Mvua ikanyesha, viazi vya majirani vikachipua, kipande chake kikabaki nyasi. Nami kimya. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliirefusha kwa kunyamaza.

Mwaka uliofuata Mwalimu mwenyewe alimwona ndege yule, amelalia mayai katika kipande kile kile. Tulikimbia kwa Mama. Trekta ya kukodi ilikuwa tayari langoni.

"Hata mwaka jana mlimwona," alisema, bila hasira. "Watoto wangu wakala kabeji ya kuomba."

Trekta ikaingia.

Mwalimu alisimama kando ya ua, kofia mkononi. Hapo ndipo nilipomwambia ukweli. Nilitamani anichape. Alisema tu, "Ungeniambia hukuona kitu, ningeandika hivyo. Hilo nalo huandikwa."

Nilimwungamia Mama pia, nikamsaidia kupalilia msimu ule wote. Alinisamehe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sijamwona ndege yule mpaka leo.

Mwanangu, usione haya kusema "sijaona." Haya hiyo huisha kabla chai haijapoa, hii yangu imeota mvi pamoja nami. Na ulimi ukikuteleza, rudi siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaegemeza chakula cha watoto wake kwenye neno lako.

Mungu akupe macho mazima, na mdomo usioyatangulia.